Fundi wa mashine kongwe za boti hapa Tanga, amefufua Seagull ya babu

Naandika hii kwa yeyote mwenye mashine ya boti ya zamani imelala stoo na kila fundi anayemuonesha anamwambia peleka kwa watu wa skrepa. Mi niliambiwa hivo mara mbili. Sa hivi mashine ya babu inawaka nikivuta kamba mara ya pili, na jumapili iliyopita nimeenda nayo hadi karibu na kisiwa cha Ulenge nikarudi bila kushika kasia, kwa hiyo nasema nilichokiona kwa macho yangu, mazuri na yasiyo mazuri.

Mashine yenyewe ni British Seagull, ile wanayoiita Forty Plus. Kwa msioijua, ni ya Muingereza, zilianza kutengenezwa 1931, baadae kiwanda kikawa Poole kule kusini mwa Uingereza, vita kuu ya pili jeshi lao likazitumia sana, na wameacha kuzitengeneza 1996. Haina kava. Kila kitu kiko nje kweupe, flaiwili, lile gurudumu zito, juu kabisa unaiona inavyozunguka, tenki la shaba, bomba refu linashuka majini, basi. Nguvu yake ni kama hospawa 3, kwa hiyo usiilinganishe na Yamaha Enduro ya hospawa 15 ya jirani yako, hii haikimbii, hii inasukuma. Propela yake inazunguka taratibu na ina mapanga mapana, kidau kizito kinaondoka kama mtu anakisukuma kwa mkono.

Babu aliipata kwa meneja mmoja wa mkonge aliyekuwa anaondoka nchini, miaka ya sabini mwanzoni, akavulia nayo hadi magoti yalipomkatalia. Alipofariki ikabaki stoo kwa bi mkubwa, imefunikwa gunia, na kila nikienda kumsalimia naitazama roho inaniuma.

Mwaka juzi nikaipeleka kwa gereji moja, jina silitaji. Wakasafisha plagi na kabureta, ikawaka, nikafurahi sana nikalipa hapohapo. Shida ni kwamba petroli walinichanganyia kama ya Yamaha, oili moja kwa petroli hamsini, na wakaniambia niendelee hivohivo kwa kuwa mashine zote za tu stroki, zile zinazochanganywa oili ndani ya petroli, ni sawa. Sio sawa. Naomba hapa mnisikilize vizuri mwenye Seagull yoyote ya zamani: hizi zilitengenezwa zinywe moja kwa kumi, yaani petroli lita tano unaweka oili nusu lita. Baadae kiwanda kikatoa za moja kwa ishirini na tano, ila hiyo ni kwa zile mpya mpya zao, au iliyobadilishwa kabureta makusudi. Ya babu ni ya moja kwa kumi. Mi sikujua, nikaivulia karibia miezi miwili na petroli nyepesi, mwanzoni ikawa tamu kweli haina hata moshi, halafu ikaanza kugonga, halafu ikawa ngumu kuwaka, navuta kamba hadi bega linawaka moto, halafu asubuhi moja ikakataa kabisa tukiwa nje, tukarudi kwa makasia na upepo wa kusi unatupiga usoni. Niliporudisha pale gereji ndo nikaambiwa hii imekufa kauze shaba ya tenki.

Jamaa yangu mmoja anayeuza samaki Deep Sea ndo akanielekeza kwa huyu mzee, fundi ninayemsemea. Banda la mabati, halina bango, nje kuna pipa la maji la lita mia mbili limekatwa juu na ubao umefungwa pembeni wa kuning'inizia mashine. Ukiona pipa hilo umefika. Ndani mashine zimening'inizwa ukutani, nimeona Johnson, Evinrude, Yamaha za zamani zile za mwanzo mwanzo, na Seagull nyingine mbili mbali na yangu, sikutegemea kabisa kwamba Tanga hii bado ziko.

Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, mlaze hapo mgonjwa wako. Kitu cha kwanza kilichonifanya nimuamini ni kwamba hakushika spana. Alishika flaiwili kwa mikono miwili akaichezesha, sio kuizungusha, kuitikisa kulia kushoto, akasikiliza. Akazungusha taratibu akaweka kidole kwenye tundu la plagi kusikia pumzi. Akanitazama akauliza, "hii mashine nani kainyima oili?" Sikuwa nimemwambia neno kuhusu petroli. Nikamueleza yote.

Akanifafanulia, na hii sijawahi kuelezwa na fundi yeyote. Krenki ya Seagull, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, haikai kwenye beringi za mipira ya chuma kama mashine za siku hizi, inakaa kwenye bushi, kipande cha duara cha bronzi, na ile oili nyingi kazi yake sio kulainisha tu, ndo inayoziba pia. Tu stroki inavuta mchanganyiko wake kupitia chini, kwenye krenkikesi, kwa hiyo bushi zikilika hewa inapita pembeni ya shafti, krenkikesi inapoteza pumzi, mashine inashindwa kuvuta petroli hata kabureta ikiwa safi kiasi gani. Ndo maana plagi ilikuwa mpya, moto upo, petroli ipo, na bado haiwaki. Gereji wangeweza kubadilisha plagi mia.

Akaandika kwenye daftari vitu vya kufanya, akanipa bei ya kazi laki moja na themanini bila spea, akasema wiki mbili. Imechukua wiki tano. Hapo namtoa maksi na nitarudi kulisema.

Spea ilikuwa mtihani lakini sio kama nilivyoogopa. Uingereza bado kuna maduka yanauza vitu vya Seagull, vipya na vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa, kwa kuwa kule watu wengi wanazipenda. Mzee akaniambia nisome namba iliyogongwa kwenye mwili wa mashine na niipeleke herufi kwa herufi, maana namba hiyo ndo inayosema ni modeli gani na ya mwaka gani, ukikosea unaletewa gasketi ya mashine nyingine. Shangazi yangu anaishi Leicester, akanunua pointi, kondensa, gasketi ya silinda hedi na springi ya propela, akaja navyo kwenye begi alipokuja harusini. Havifiki hata kilo. Kama huna mtu kule jiandae na gharama ya posta. Bushi hakuagiza, alisema kuzisubiri ni kupoteza muda, akapeleka vipimo kwa mtu wa kukereza, zikakerezwa hapahapa mjini.

Nilikuwa naenda kila jumamosi nakaa naye, hakunifukuza, na hapo ndo naona tofauti ya huyu mtu na mafundi wengine wanaokwambia subiri nje. Anataka mwenye mashine aone. Bolti za silinda hedi zilikuwa zimeshikana na chumvi ya miaka yote ile, kijana wake akataka kuzilazimisha kwa spana ndefu, mzee akamzuia, akazimwagia mafuta ya taa yamechanganywa na oili ya steringi akaziacha siku nne, kila akipita anazigonga kidogo kichwani kwa nyundo ndogo, tu tu tu, anaendelea na mambo yake. Siku ya tano akazipasha moto kidogo zikafunguka zote, hata moja haikukatika. Mi ningekuwa peke yangu zingekatika mbili mchana huohuo na silinda ingekuwa imeharibika.

Ndani ya njia za maji kulikuwa na chumvi na mchanga umekuwa kama jiwe. Alikwangua kwa spoku ya baiskeli aliyoinyoosha ncha, akaweka siki, akakwangua tena, akasafisha na maji baridi, ilichukua nusu siku nzima. Uzuri wa hii mashine pampu yake ya maji haina mpira wa kuchanika kama za kisasa, ni pangaboi dogo la chuma linazungushwa na shafti ileile inayoenda chini, kwa hiyo ikikosa maji mara nyingi ni njia imeziba, sio pampu imekufa. Akasema kama babu angekuwa anaizungusha kwenye pipa la maji ya bomba kila anaporudi baharini hii kazi isingekuwepo. Nikamwambia babu alikuwa anafanya hivo kila siku, mimi ndo sikufanya. Akatikisa kichwa tu akaendelea kukwangua.

Sasa moto wa plagi. Alitoa flaiwili kwa kifaa chake, hakuichokonoa na bisibisi, akanionesha pointi, vile vijicho viwili vinavyofunguka na kufungana chini ya flaiwili. Vilikuwa vimeungua vina vishimo. Akafunga mpya akafuta kwa kitambaa na petroli kwanza, kwa sababu hata alama ya kidole chenye oili inatosha kuua moto. Nafasi yake inatakiwa nusu milimita. Filageji yake, vile vibati vya kupimia nafasi, ilikuwa imeazimwa haijarudi, akafungua boksi la nyembe, akapanga nyembe tano moja juu ya nyingine, akazipitisha katikati ya pointi taratibu, akakaza skrubu. Nikamuuliza kwanini tano, akasema wembe mmoja ni sehemu moja ya kumi ya milimita, tano ni nusu, na kila duka la mtaani lina nyembe. Nilipofika nyumbani nikapima mwenyewe kwa kifaa cha shule (nafundisha fizikia) na ni kweli kabisa. Plagi nayo ni nusu milimita hiyohiyo, kwa hiyo nyembe tano zinakumalizia kazi zote mbili. Kaeni nalo hilo.

Halafu akatoa plagi nje akailaza juu ya silinda, akanipa kamba nivute, akaweka kofia yake juu kutengeneza giza. Cheche ya buluu, nene, inalia tak. Miezi miwili nyuma ilikuwa ya njano nyembamba.

Koki ya petroli ilikuwa inavuja, ni ile ya kuvuta na kusukuma, ndani yake ina kizibo. Nilishaandaa kununua koki mpya, yeye akakitoa akakiloweka kwenye maji ya moto, kikavimba, akakirudisha, haivuji hadi leo. Alisema kizibo kikikauka kinasinyaa, sasa mashine iliyokaa stoo miaka lazima ivuje, sio kwamba ni mbovu. Kitu kama hicho fundi mwingine angekuuzia cha elfu hamsini.

Gia boksi nayo ina tabia yake. Alipofungua nati ya kumwagia ilitoka oili nyeupe kama tui. Mi nikashtuka nikajua gia zimekwisha. Kumbe hizi hazina sili ya kuzuia maji kabisa, maji yanaingia kidogo kidogo na ndo zilivyotengenezwa, kinachotakiwa ni oili nzito namba 140, ile ya malori na matrekta, unaikagua na kuibadilisha mara kwa mara ili maji yasikae na gia. Gia zangu zilikuwa nzima. Na usijaze hadi juu, acha nafasi. Ile alama ya oili inayobaki juu ya maji pale nyuma ya boti inatoka kwenye moshi na hapohapo kwenye gia, na hilo kusema kweli linanisumbua, bahari yetu ya Tanga ni hifadhi tangu 2009 kwa ajili ya yule samaki silikanti na mi sitaki kuichafua. Nilimuuliza mzee kuhusu kuibadilisha iwe ya moja kwa ishirini na tano, akasema inawezekana kwa kabureta, ila kwanza bushi mpya zikae, tutembee nayo msimu mmoja halafu nirudi. Nimemkubalia, na kwa sasa naenda nayo siku moja moja tu, kazi ya kila siku natumia tanga.

Springi ya propela lazima niisemee, maana wengi wanaivunja. Propela ya Seagull haizungushwi kwa pini, inazungushwa na springi nene inayozunguka shafti, ncha moja kwenye shafti ncha nyingine kwenye propela, ukigonga mwamba springi inajikunja kwanza inameza lile pigo. Ya babu ilikuwa imekatika ikafungwa na waya wa kuchomelea. Mzee alipouona ule waya akanyamaza kidogo, akasema "huyu mzee alikuwa anataka kurudi nyumbani", maana aliona namna ulivyosokotwa, ni kazi ya mtu aliyekaa majini giza linaingia. Ule waya sikuutupa, uko nyumbani.

Sasa lililoniudhi. Wiki ya nne nimefika nakuta tenki limepigwa rangi ya kijivu. Hakuniuliza. Tenki lile ni la shaba na pembeni babu alikuwa amekwangua herufi zake mbili na msumari, na ndo kitu pekee kwenye mashine nzima kilichoandikwa kwa mkono wake. Nilishindwa kuongea. Mzee akaona uso wangu akauliza kuna nini mwanangu, nikamwambia. Hakubishana hata kidogo, akamuita kijana alete tina na kitambaa, akaanza kufuta mwenyewe, pole pole kwa kidole kimoja, hadi ile herufi ya kwanza ikatokea, halafu ya pili. Akaniomba radhi, akaniambia watu wengi wanaomletea wanataka ing'ae. Kwa hiyo ukienda mwambie mapema usichotaka kiguswe, na umwambie yeye, sio kijana.

Kuhusu muda, wiki tano ni nyingi. Wiki moja ilikuwa ya kusubiri mtu wa kukereza, hiyo namuelewa, lakini nyingine mbili alikuwa na mashine za wavuvi, na simu hapokei akiwa kazini, unalazimika kwenda. Hatoi risiti, anaandika kwenye daftari na unasaini. Nilimuuliza mbona yangu inapitwa, akasema mvuvi mashine yake ikilala watoto wake hawali, yako ni ya kumbukumbu. Nilinuna siku hiyo ila siwezi kusema amekosea. Mashine za foo stroki za kisasa, zile zisizochanganywa oili ndani ya petroli, hazichukui, usihangaike kumpelekea.

Siku ya kuwasha aliitia kwenye pipa. Akafungua koki, akabonyeza kile kidude cha kabureta hadi petroli ikachuruzika, akafunga choki, akazungusha kamba kwenye flaiwili, fundo kwenye pengo lake. Kamba ya zamani ilikuwa ya mkonge, imeoza, akaweka ya nailoni ila kishikio cha mti akakirudisha kilekile, kimechongwa na kimelainika kwa kiganja cha babu. Akanifukuza nyuma yake kwa sababu hii kamba inaachia yote ukivuta, inakuja na kasi inakuchapa, na akaniambia usiwashe hii mashine umevaa kikoi kinachoning'inia, flaiwili iko wazi haina huruma. Kamba ya kwanza ikapiga chafya. Ya pili ikashika. Moshi ukajaa banda zima, ule mlio wake wa taratibu wa puta puta puta, na maji yakaanza kutoka kwenye kitundu chake vizuri kabisa. Mama alikuwa nyumbani nikampigia simu nikamsikilizisha. Alikaa kimya, halafu akasema huyo ni baba.

Gharama jumla: kazi 180,000, kukereza bushi 60,000, oili na vitu vidogo 35,000, na spea za Uingereza shangazi alikataa nimrudishie. Kwa mashine ambayo niliambiwa niiuze kwa kilo naona ni bei ya haki sana. Nimempa nne na nusu kati ya tano, ile nusu ni ya muda na rangi.

Ukitaka kwenda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo wavuvi wameshashuka na banda linajaa. Mpelekee mashine ilivyo, usiioshe wala usiifungue, mwambie mara ya mwisho iliwaka lini na ulikuwa unachanganya petroli vipi, useme kweli hata kama ulikosea. Na plagi ya zamani usiitupe, anaipokea kwanza hiyo, anaiangalia rangi na kuinusa kabla hajaangalia kitu kingine.